Bomba Lilikuwa Moja

Fundi wa kisa hiki hana jina, wala rafiki yake. Nimewatunga wote wawili, ili pasiwe na familia ya Mji wa Kale wa Mombasa itakayonyoshewa kidole. Yaliyowapata sikuyatunga. Yamewapata watu wa Kibokoni, Kuze, Bondeni na Majengo, na hadi leo yanawapata wengine ambao hawajui.

Walikuwa vijana wa mtaa mmoja. Walisoma chuo kimoja, wakapigwa bakora moja, na jioni wakiogelea pamoja nyuma ya Ngome ya Yesu. Walipofika umri wa miaka ishirini, mwishoni mwa miaka ya 1990, unga, yaani heroini, ulikuwa umekwisha kujichimbia Mombasa. Mwanzo ulikuwa wa rangi ya kahawia, ukivutwa. Kisha ukaja mweupe, na maskani zikajifunza kujidunga. Kete ambayo kwa moshi haikumtosha mtu mmoja, kwenye mshipa iliwatosha wawili. Usiku mmoja wale marafiki walichanga, wakanunua kete moja. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa. Walikuwa na bomba moja la sindano. Wa kwanza alijidunga, akalisuuza kwa maji ya kikombe, akampa mwenzake.

Yule aliyekuja kuwa fundi alidumu kwenye unga miezi michache tu. Ami yake alimchukua akampeleka Tanga kwa jamaa, akafungiwa chumbani, akapambana na arosto, yale mateso ya kuukosa unga, hadi ikamwacha. Aliporudi alitiwa mikononi mwa seremala mzee akafunzwa kuchonga nakshi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na baada ya miaka michache wenye nyumba za Ndia Kuu walikuwa wakimfuata yeye kwa milango ya msaji. Akaoa, akazaa, akawa mtu wa safu ya mbele msikitini. Aliyoyafanya ujanani yakafunikwa, na sitara ya Muislamu ni jambo jema.

Mwenzake hakutoka. Akawa teja wa kuonekana, wa kulala vibarazani na kufukuzwa alfajiri kwa ndoo ya maji. Akina mama walivuka njia wakimwona. Fundi naye, wakikutana, alikuwa akimtilia noti mkononi bila kumtazama usoni.

Mtu yeyote mtaani angeulizwa ni yupi kati ya wawili hao atakayekufa kabla ya kufika miaka hamsini, asingesita kumtaja teja. Angekosea.

Maji ya kikombe hayasafishi bomba. Maabara imeonyesha kwamba kirusi cha homa ya ini aina ya C kinaweza kubaki hai katika mabaki ya damu ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Kinabaki pia kwenye kijiko cha kuyeyushia, kwenye pamba ya kuchujia na kwenye yale maji yenyewe. Nani alimwambukiza nani usiku ule, hakuna ajuaye. Wote wawili waliondoka nacho.

Kirusi hiki ni kidogo kupita kiasi. Urithi wake wote ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 9,600. Kikishaingia kwenye damu, hujichanganya na mafuta yanayosafiri humo, yale ambayo ini huyatoa na kuyapokea kila saa, na kwa njia hiyo hufika kwenye seli za ini na kupokelewa. Ndani ya seli kinafungua uzi wake, na mitambo ya seli inayotengeneza protini inausoma bila kuuliza ni wa nani. Hutoka mnyororo mmoja mrefu, ambao hukatwakatwa kuwa protini 10. Hizo zinatosha kujenga virusi vipya maelfu kwa maelfu.

Ini lenyewe humsaidia mgeni huyu. Seli za ini zina kipande kifupi cha RNA kiitwacho miR-122, ambacho kazi yake ya kawaida ni kurekebisha jeni, zikiwemo zile za mafuta. Mwaka 2005 watafiti waligundua kwamba kirusi cha C hukichukua kipande hicho na kukiambatanisha kwenye ncha ya uzi wake. Kipande hicho humkinga mgeni asiharibiwe, na bila hicho hazai vizuri. Hii ni sababu moja ya kirusi hiki kulipenda ini kuliko kiungo kingine chochote.

Mwili, hata hivyo, haukuumbwa bila ulinzi. Kila seli ina mgambo wake. Iko protini iitwayo RIG-I, inayonusa RNA ngeni. Ikiikuta, hupeleka habari kwa protini nyingine, MAVS, iliyojishikiza kwenye mitokondria. Hapo mgambo hulia. Jeni za intaferoni huamshwa, intaferoni hutoka kwenda kwa seli jirani, na huko nako mamia ya jeni za kinga huwaka kwa pamoja. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. Kirusi cha C hakingoji lilie. Kile kimeng'enya chake kinachokata mnyororo wa protini, kiitwacho NS3/4A, huikata pia MAVS. MAVS hubanduka mahali pake, na habari ya uvamizi inakufa njiani.

Mgambo haukatwi ini zima. Seli ambazo hazijavamiwa huendelea kuwasha jeni zao za kinga mwaka baada ya mwaka, na chembe nyeupe za damu humiminika kuja kupigana. Kwa baadhi ya watu vita huisha kwa ushindi. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa, kati ya 15 na 45 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita, bila dawa yoyote. Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba sehemu ya siri hiyo iko kwenye kromosomu ya 19, penye jeni za intaferoni lamda, na mwaka 2013 wakaipata hapo jeni iitwayo IFNL4. Ajabu ni kwamba wenye umbo la jeni hiyo linalotengeneza protini yake ndio wanaopata taabu zaidi kukiondoa kirusi, na umbo hilo limeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Hakuna laana hapo wala upungufu wa imani. Ni urithi, kama vile rangi ya macho.

Marafiki wetu hawakuwa katika wale wenye bahati. Kirusi kikakaa.

Teja hakujua, na fundi hakujua, kwa kuwa ini haliumi. Ndani yake hamna mishipa ya kupeleka maumivu, na hata likiharibika sehemu kubwa huendelea na kazi. Fundi alichoona ni mchoko. Alikuwa akishika patasi tangu asubuhi hadi alasiri, sasa adhuhuri tu anataka kujinyosha. Alidhani ni umri.

Mchoko huo ulikuwa na asili yake. Kirusi kilikuwa kimebadilisha hesabu za ini. Protini yake ya ganda hukaa juu ya matone ya mafuta ndani ya seli, kwa sababu hapo ndipo virusi vipya vinapoundwa, na kwa hivyo kirusi kinataka mafuta yawe mengi. Jeni zinazoamrisha mafuta kutengenezwa huwashwa zaidi. Zile zinazoamrisha yachomwe huteremshwa. Njia ya kuyatoa kwenda kwenye damu hubanwa. Ini linajaa mafuta hata kwa mtu mwembamba, huku kolesteroli kwenye damu ikishuka. Ndiyo maana fundi alipopimwa damu aliambiwa mafuta yake yako chini, akatoka akimshukuru Mungu, na karatasi hiyo hiyo ilikuwa imebeba alama ya ugonjwa.

Sukari nayo ilipanda. Kirusi, pamoja na uvimbe kinaouchochea, huvuruga protini zinazopokea amri ya insulini ndani ya seli, na ini likaendelea kumwaga sukari wakati lingepaswa kuizuia. Watu wenye homa ya ini C hupata kisukari zaidi ya wengine. Fundi aliacha mahamri, akaacha halua, akanywa kahawa chungu bila kashata, na sukari ikabaki juu. Jamaa walimwambia anakula kwa siri.

Halafu madini ya chuma. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, inayouambia utumbo uache kufyonza chuma kikitosha. Kirusi huipunguza. Chuma huzidi na kujilimbikiza kwenye ini, kikatia ukali ule uharibifu unaotokana na uvimbe. Kila seli zinapokufa, seli nyingine maalumu huamka na kufuma nyuzi za kovu. Mwaka kwa mwaka kovu linaungana na kovu. Kati ya watu 100 wenye maambukizi ya kudumu, 15 hadi 30 ini lao hugeuka makovu matupu ndani ya miaka ishirini. Pombe huharakisha. Fundi hakuwahi kunywa pombe, na hilo pia lilimpa amani isiyokuwa yake.

Ilikuja siku ambayo kisa kingeweza kugeuka. Mkewe alimlazimisha aende kwa daktari katika kliniki moja ya binafsi. Walikaa wote wawili mbele ya meza, mke ameshika faili mapajani juu ya buibui. Vipimo vilionyesha vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo. Daktari akauliza, kalamu mkononi:

“Umewahi kuongezewa damu?”

“La.”

“Kufanyiwa upasuaji?”

“La, daktari.”

“Kujidunga dawa za kulevya?”

Fundi hakumtazama mkewe. “Astaghfirullah. Mimi si watu hao.”

Mkewe akacheka kidogo kwa niaba yake, kuonyesha kuwa swali lenyewe lilikuwa la mzaha. Daktari akatia alama kwenye karatasi, akaandika vidonge vya vitamini. Kipimo ambacho ni tone la damu ya kidoleni na dakika chache za kungoja hakikufanywa.

Nimeufikiria sana uongo ule, na siwezi kumhukumu aliyeusema. Aliulizwa mbele ya mtu ambaye kwake alikuwa ameyajenga maisha mapya yote. Makosa yalikuwa ya namna ya kuuliza. Kipimo cha homa ya ini C hakihitaji ungamo. Daktari angeweza kusema, “Kwa vimeng'enya vilivyopanda hivi tunampima kila mtu B na C,” akachukua damu, na heshima ya mtu ikabaki mahali pake. Angeweza pia kumwomba mke asubiri nje kidogo.

Wakati huo huo teja alikuwa akivuka daraja la Nyali kila asubuhi kwenda kunywa dawa. Kenya ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Mwaka uliofuata ikafika Malindi, na baadaye Kisauni. Teja alikunywa kikombe chake mbele ya muuguzi siku zote, hata za mvua, na arosto ikamwachilia. Kituoni damu yake ilipimwa bila kuulizwa sababu, kwa kuwa pale sababu ya kila mtu inajulikana. Na haja ya kupima ilikuwapo: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya wanaojidunga nchini Kenya ulikuta takriban 13 katika kila 100 wana alama za kirusi cha C katika damu.

Kipimo cha kwanza kilionyesha amewahi kuambukizwa. Cha pili, kinachotafuta RNA ya kirusi, kilionyesha bado anacho. Akaingizwa kwenye matibabu: kidonge kimoja kwa siku, wiki 12. Dawa hizi za sasa hukiingilia kirusi katika kazi zake. Sofosbuvir, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, huzuia kimeng'enya kinachonakili uzi wa RNA. Nyingine hukizuia kujikusanya, na nyingine huzuia kile kimeng'enya kinachokata MAVS. Zamani mgonjwa alidungwa intaferoni hadi wiki 48, akaugua kwa dawa kuliko kwa ugonjwa, na nusu tu ndio waliopona. Sasa wanapona zaidi ya 95 katika kila 100. Wako waliosema mateja hawawezi kumaliza dozi. Watafiti waliowapa dawa hizi Nairobi na pwani, huku mateja wakisimamiwa na wenzao, waliwakuta walio wengi wamemaliza na wamepona.

Teja alipona. Na alipopata karatasi ya kuthibitisha, mtu wa kwanza aliyemkumbuka alikuwa fundi.

Alimkuta karakanani, ameinama juu ya ubao wa juu wa mlango, anachonga ua la yungiyungi. Vumbi la msaji lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Teja alisimama kizingitini, maana hakuwa na mazoea ya kuingia.

“Ndugu yangu, nilikutwa na homa ya ini. Ile ya C. Nimepewa dawa nimepona. Nimekuja kukwambia nawe ukapime.”

Patasi iliendelea. Mwanafunzi wa fundi alikuwa pembeni anapiga msasa.

“Mimi nina nini hata nikapime?”

“Bomba lilikuwa moja. Wakumbuka.”

Fundi aliinua kichwa, akamtazama mwanafunzi, akamtazama teja. “Hayo yalipita,” akasema. Akatia mkono mfukoni akatoa noti. Teja hakuipokea. Alikwenda zake.

Baada ya mwaka na nusu tumbo la fundi lilijaa maji. Palisemwa mengi. Wengine walisema ni husuda ya mafundi wenzake, wengine amelishwa kitu. Akasomewa, akanywa kombe, akapigwa hijama mgongoni. Sina neno juu ya dua wala juu ya hijama, ambayo ni sunna. Wembe uliotumiwa kwa mtu mwingine na kufutwa kwa pamba si sunna, na wembe uliomchanja fundi siku ile ulitoka kwake na damu yenye kirusi. Usiku mmoja akatapika damu nyingi. Makovu yalikuwa yameibana mishipa ya ini, damu ikatafuta njia kwenye umio, na mshipa ukapasuka. Alikimbizwa hospitali ya Makadara. Hapo alipimwa kwa mara ya kwanza. Kirusi kilikuwapo, na pamoja nacho uvimbe wa saratani uliokuwa umekwisha kukua. Dawa ya kirusi ingeweza kumwondolea kirusi. Ini haikuweza kumrudishia. Alizikwa Kikowani, na mkewe akajua sababu kwa kusoma karatasi.

Mke huyo na watoto walipimwa, wakakutwa salama. Homa ya ini C ni ya damu kwa damu. Kwa tendo la ndoa huambukiza kwa nadra, na mama mwenye kirusi humwambukiza mtoto wakati wa uzazi mara chache, mtoto 5 au 6 katika 100. Haiambukizi kwa kula sinia moja, wala kwa kikombe cha kahawa kibarazani, wala kwa kupeana mkono. Wale waliomwepuka teja kwa kuogopa kumgusa waliogopa kisichokuwapo, na wale waliokalia kimya waliyoyafanya ujanani hawakuogopa kilichokuwapo.

Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii tunaitupia mgonjwa, na katika kisa hiki mgonjwa hakuficha peke yake. Mtaa ulimfichia, kwa kumfanya aamini kuwa heshima yake itaanguka akitamka neno moja. Daktari alimfichia, kwa kuuliza mbele ya mke. Kirusi hukata mgambo ndani ya seli, nasi tukaukata nje, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyesikia kitu.

Wanaodhani homa ya ini C ni malipo ya dhambi na waitazame Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, serikali ya huko iliwadunga wanavijiji dawa ya kichocho kwa nia njema, kwa sindano zilizorudiwa bila kusafishwa ipasavyo. Kirusi kikaenea kwa watu waliokuwa wakilima mashamba yao na hawajawahi kuona unga. Misri ikawa miongoni mwa nchi zenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi duniani. Kisha ikaamua kusema. Kuanzia 2018 ilipima watu makumi ya milioni, bila kumuuliza mtu alikipataje, ikatibu zaidi ya milioni 4, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa iko njiani kuutokomeza ugonjwa huo. Duniani bado kuna watu wapatao milioni 50 wenye kirusi hiki, na mwaka 2022 kiliua takriban 242,000. Wengi wao hawakujua.

Pwani yetu tulipoletewa mpango wa kuwapa wanaojidunga sindano safi, miaka ya 2012 na 2013, baadhi ya viongozi wa dini na wa siasa waliupinga kwa kuona kwamba unahalalisha haramu. Nia yao naielewa. Wameona vijana wengi wakipotea. Lakini kama lingekuwapo bomba la pili usiku ule, fundi angeachana na unga vile vile, kwa mkono wa ami yake, na angekuwa hai leo anachonga.

Basi hili ndilo funzo. Aliyewahi kujidunga, hata mara moja, hata miaka thelathini iliyopita, apime. Vivyo hivyo aliyechanjwa kwa wembe usiokuwa mpya, aliyeongezewa damu zamani, anayesafishwa damu kwa ugonjwa wa figo, na aliyezaliwa na mama mwenye kirusi. Mwenye sukari isiyoshuka au ini lenye mafuta bila sababu aombe kipimo hiki kiongezwe. Akikutwa na alama, adai kipimo cha pili cha RNA, kisha aulizie vidonge katika hospitali ya rufaa. Akipona na ini lake tayari lina makovu, aendelee kupigwa altrasaundi kila miezi sita, kwa kuwa kirusi kikiondoka huacha mabadiliko katika namna jeni za ini zinavyofanya kazi, na saratani inaweza kuja baadaye. Na aliyepona anaweza kuambukizwa tena, kwa kuwa chanjo ya C haijapatikana. Anayepiga hijama afungue wembe mpya mbele ya mtu, na kinyozi vile vile.

Wala hakuna anayelazimika kusimulia ujana wake ili apimwe. Aende kwenye dirisha la maabara aseme, “Nataka kupimwa homa ya ini B na C.” Akiulizwa kwa nini, ajibu kwamba kila mtu mzima anapaswa kujua hali ya ini lake. Jibu hilo ni la kweli, na linamtosha fundi wa nakshi kama linavyomtosha teja.